Mali bila daftari huisha bila habari

Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima wa karafuu wa Pemba aliyepima gunia lake akaondoka bila stakabadhi hahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Leo tunapenda kuizungumzia mali ya aina nyengine ambayo visiwa vyetu vinaizalisha kila mwaka bila ya kuiandika daftarini: elimu itokanayo na utafiti wa wataalamu wetu.

Hatuna uhaba wa watafiti. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwapo Unguja tangu mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya eneo letu iliyoasisiwa mwaka 1993, ina makao yake hapa Zanzibar, nayo ilianza kutoa jarida lake la kitaaluma mwaka 2002. Swali letu ni hili: makala inayoandikwa visiwani humu, na kutolewa isomwe bure na kila mtu, humfikia nani?

Tuchukue mfano wa mwani. Tangu kilimo hicho kilipoanza kwa biashara mwaka 1989, akina mama wa Paje na Jambiani wameshuhudia aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ikifa kila maji yanapozidi joto. Mtafiti akichunguza sababu na dawa yake, kisha akachapisha katika jarida ambalo halimo katika orodha yoyote ya kimataifa, ofisa wa wizara anayetayarisha mpango wa miaka mitano hataiona kazi hiyo, wala hataiona mtaalamu wa Ufilipino mwenye tatizo lile lile. Utafiti mmoja utalipiwa mara mbili, na pengine mipango itapangwa kwa takwimu za pwani za wenzetu. Hasara hiyo humwangukia mama aliyesimama majini tangu alfajiri.

Madaftari ya elimu si jambo geni. Mwaka 1964 Eugene Garfield alianza kutoa huko Philadelphia, Marekani, faharasa kubwa ya makala za sayansi na jinsi zinavyonukuliana. Mwaka 2004 ikafuata Scopus. Majarida ya Afrika yaliyopata nafasi humo yalikuwa machache mno. Lakini milango mingine imefunguliwa. AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika, ilianza mwaka 1998, na makao yake yako Afrika Kusini. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kilianzisha DOAJ, daftari la majarida yasomwayo bure, ambalo sasa lina majarida zaidi ya 20,000.

Wako wasemao kwamba kinachotuzuia ni fedha. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Kuomba nafasi katika DOAJ hakulipiwi, na programu ya kuendeshea jarida katika intaneti hupatikana bila malipo. Wako pia wasemao kwamba Kiswahili ndicho kikwazo. Hilo nalo si kweli, kwani DOAJ hupokea majarida ya lugha yoyote, na hata Scopus hudai tu kwamba anwani na ikisiri za makala ziwepo kwa Kiingereza.

Kinachotakiwa hasa ni utaratibu. Jarida liwe na nambari ya kimataifa ya utambulisho yenye tarakimu nane. Litoe makala za utafiti zisizopungua tano kwa mwaka. Kila makala ipitiwe na wahakiki wasiopungua wawili wasiofungamana na mwandishi, na iwe na anwani yake yenyewe katika intaneti. Majina ya wahariri na vyuo vyao yawekwe wazi, ijulikane haki miliki ni ya nani, na ielezwe kama mwandishi hulipishwa ama halipishwi. Tena, makala zilizoandikwa na wahariri na wahakiki wenyewe zisizidi robo ya toleo. Sharti hili la mwisho lataka ujasiri katika visiwa ambavyo kila msomi anamjua mwenzake, lakini ndilo linalotofautisha jarida na barza.

Kuingia daftarini si mwisho wa kazi. Mwaka 2016 DOAJ iliyaondoa majarida yapatayo 3,300 ambayo hayakupeleka maombi mapya yaliyotakiwa. Jarida lisilo na mtu wa kujibu barua hufa kimya kimya. Tunawatahadharisha wahariri wetu pia juu ya matapeli wauzao vyeti na alama za uongo za ubora. Daftari la kweli hukagua jarida, haliliuzii sifa.

Basi tunatoa wito. Wakuu wa vyuo waihesabu kazi ya uhariri kuwa ni kazi, badala ya kumbebesha mhadhiri mmoja usiku baada ya masomo. Wizara zinazohusika zitenge fungu dogo la kudumu kwa ajili ya katibu wa jarida na hifadhi ya makala. Na maofisa wetu, kabla ya kumwita mshauri kutoka ng'ambo, waulize kwanza kilichokwisha andikwa nyumbani.

Mhadhiri kijana hupeleka makala yake nje kwa kuwa jarida la nyumbani halitambuliwi. Na jarida la nyumbani halitambuliwi kwa kuwa halipati makala. Mzunguko huo hautavunjwa na wageni. Daftari limekwisha funguliwa, na kalamu tunayo sisi wenyewe.