Ufuatiliaji wa Uharibifu katika Nyenzo Mchanganyiko Zilizoimarishwa kwa Nyuzi kwa Kutumia Vihisi vya Sauti

Nyenzo mchanganyiko zilizoimarishwa kwa nyuzi huundwa kwa kulaza nyuzi za kaboni au za kioo ndani ya resini. Ni nyepesi na imara, lakini haziharibiki kama metali. Resini hupasuka, nyuzi huachana nayo, matabaka hutengana, na hatimaye nyuzi zenyewe hukatika. Sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea ndani, huku uso wa nje ukibaki laini.

Kila tukio la aina hiyo huachilia ghafla nishati iliyokuwa imehifadhiwa, nayo husafiri kama mawimbi. Vihisi vya kauri ya pizoelektriki vilivyobandikwa juu ya uso huyageuza mawimbi hayo kuwa ishara za umeme, aghalabu kati ya kilohezi 100 na 1,000. Mbinu hii haitumi mawimbi kutoka nje, husikiliza tu. Kwa hiyo hunasa uharibifu unapotokea, lakini haiutambui ufa uliotulia.

Msingi wa tafsiri ya ishara ulianzia katika tasnifu ya Joseph Kaiser, iliyowasilishwa Munich mwaka 1950. Kaiser alionesha kwamba metali iliyowahi kubebeshwa mzigo hukaa kimya inapobebeshwa tena, hadi mzigo wa awali upitwe. Nyenzo mchanganyiko iliyodhoofika huvunja kanuni hiyo. Iwapo ilibeba kilonyutoni 100, kisha ikaanza kutoa ishara tena kwenye 90, uwiano wake ni 0.9. Kadiri uwiano huo unavyoshuka chini ya 1, ndivyo uharibifu unavyoashiriwa kuwa mkubwa zaidi.

Mbinu hii ina mipaka. Kasi ya mawimbi hutofautiana kulingana na mwelekeo wa nyuzi, hivyo kukokotoa chanzo cha ishara huwa kugumu. Aidha, masafa ya juu hufifia upesi. Tukio moja laweza kuonekana tofauti kwa vihisi viwili vilivyo mbali.

Mkasa wa chombo cha kuzamia cha Titan unadhihirisha uzito wa suala hili. Kiwiliwili chake cha nyuzi za kaboni kilikuwa na vihisi vya sauti na vya mgeuko wa umbo. Julai 2022, baada ya mzamo wa 80, mlio mkubwa ulisikika. Data iliyojadiliwa katika uchunguzi wa Marekani mwaka 2024 ilionesha kuwa mwenendo wa kiwiliwili ulibadilika baada ya hapo. Chombo kiliendelea kutumika hadi tarehe 18 Juni 2023, kilipopondeka kwa shinikizo la maji na kuua watu watano.

Hivyo basi, kunasa ishara hakutoshi. Kiwango cha kusitisha matumizi hakina budi kuwekwa mapema, kwa kuvunja sampuli maabarani, na kiheshimiwe kinapofikiwa.