Kijibwa Kabla ya Wiki ya Kumi na Nne

Mbwa anayejificha uvunguni mgeni akibisha hodi, au anayemrukia kila mtoto anayepita mbio, mara nyingi alianza kuharibika kabla hajafikisha miezi minne. Wanaomleta kwangu huulizia mkufunzi. Mimi huwauliza kwanza: alipokuwa mdogo, alikutana na nani?

Kijibwa huzaliwa haoni, hasikii, na hawezi hata kujipasha joto. Usiku mmoja wa baridi ya Arusha au Limuru unatosha kumuua asipopata kifua cha mama yake na matambara makavu. Macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio yakafuata. Kisha, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au ya 14, hupita katika kipindi ambacho hakirudi tena: chochote anachokizoea wakati huo kwa amani huelekea kukiona cha kawaida baadaye, na asichokutana nacho mara nyingi humtia hofu. Mwaka 1961, watafiti wa Bar Harbor, Marekani, walieleza jinsi walivyolea vijibwa ndani ya uzio mrefu bila kuguswa na binadamu. Waliotolewa mapema kukaa na watu kwa wiki moja walizoea. Waliobaki mle mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na hata walipobembelezwa kwa wiki nyingi hawakutulia kikamilifu.

Kwa hiyo mlee kijibwa wako kwa kuwafikiria watu wa mtaa atakaoishi nao. Amwone mwenye kanzu na mwenye buibui, bodaboda, mkokoteni, mwamvuli ukifunguliwa, mzee mwenye mkongojo, watoto wakitoka shule. Asisukumwe kwa nguvu. Akisita, msogeze nyuma, umpe kipande cha nyama, aangalie mpaka atulie. Afundishwe pia kukaa chini mtu anapopita bila kumgusa. Jirani Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii akilambwa mkononi ana kazi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumwepusha na usumbufu huo ni adabu ya mwenye mbwa, na ninaihesabu kuwa sehemu ya malezi sawa na kumlisha.

Ugumu unaanzia kwenye chanjo. Kinga aliyoinyonya katika dang'a ya mama yake humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kwa kumtazama tu ni siku gani itakwisha. Ndiyo maana chanjo ya magonjwa ya distempa na parvo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Parvo humfanya kijibwa aharishe damu na inaweza kumuua kwa siku chache, na virusi vyake vinaweza kukaa kwenye udongo hata mwaka. Wengi huamua kumfungia kijibwa ndani mpaka amalize chanjo. Anapotoka, kipindi chake kimeshapita.

Mtu mmoja peke yake hawezi kulitatua hili vizuri. Kinachohitajika ni nyua chache unazozijua, zenye mbwa wakubwa wapole waliochanjwa, ambako parvo haijaingia. Yaani majirani wanaopenda mbwa na kuambiana ukweli. Madaktari wa tabia za wanyama nchini Marekani wameshauri tangu 2008 kwamba kijibwa aanze kukutana na wenzake kuanzia wiki ya 7 au ya 8, angalau siku 7 baada ya chanjo ya kwanza. Barabarani abebwe mikononi, asikanyage chini.

Majirani hao wanaweza pia kukataa kununua vijibwa wa wiki tano wanaouzwa kando ya barabara. Nawasihi wakatae. Kijibwa aliyekaa na mama na ndugu zake mpaka wiki ya 8 amejifunza kutong'ata kwa nguvu, kwa sababu ndugu aliyeumia hulia na mchezo hukoma. Dawa ya minyoo haisubiri kuuzwa: huanza wiki ya 2, mama naye akipewa, maana minyoo huwaingia vijibwa wakiwa bado tumboni mwa mama na inaweza kuwaambukiza watoto wa nyumbani.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, kinachoua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, takriban asilimia 40 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kinazuilika pale ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa. Pemba walikitokomeza mwaka 2014, kikaingia tena 2016, na kampeni za chanjo zikakiondoa tena 2018.

Chupa moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi huwa na dozi 10, na ikishafunguliwa haiwekwi. Daktari wa mifugo akiitwa kwa mbwa mmoja, gharama humwangukia mwenye mbwa huyo. Nyumba kumi zikikubaliana siku moja, chupa inakwisha palepale na kila mmoja analipa sehemu yake. Wenye mbwa wakali waje mapema, wawafunge mbwa hao mdomo kwa utepe laini na kusimama mbali na wengine. Vijibwa waje mwisho, wakiwa wamebebwa. Mbwa asiye na mwenyewe, anayelala jalalani, mtafutieni naye dozi.