Mashujaa wa Karatasi na Kanga za Kariakoo

Apitaye Mtaa wa Uhuru asubuhi, maduka yakifunguliwa, huziona kanga zimetundikwa doti kwa doti, na akina mama wamesimama mbele yake wakisoma. Naam, wakisoma, kwani mnunuzi wa kanga hutazama rangi, kisha hulisoma jina, na jina lisipomridhisha huirudisha.

Mji wa Edo, ambao leo waitwa Tokyo, ulikuwa na maduka ya namna hiyo. Yaliuza picha za karatasi zilizopigwa chapa kwa vibao vya mti wa mcheri, na miongoni mwa zilizopendwa ni za samurai, askari wa jadi wa Japani. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga kibao kwa kila rangi, mpiga chapa akavipaka rangi na kulaza karatasi juu yake. Na mwenye duka ndiye aliyetoa fedha na kuamua kitakachouzika. Bei yake ilikaribia ile ya bakuli la tambi.

Serikali ya Edo ilikataza kuchora majemadari wa zama za karibu. Mwaka 1804 Kitagawa Utamaro alifungwa pingu siku 50 kwa kosa hilo. Basi Utagawa Kuniyoshi, alipoanza mwaka 1847 kuwachora wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao, aliyageuza majina yao kidogo tu, akaandikisha habari za kila mmoja juu ya picha yake, na wanunuzi wakaelewa. Mwanamke wa Kariakoo hahitaji kufafanuliwa jambo hilo: yeye humfikishia jirani ujumbe kwa kanga, na akiulizwa husema ni nguo tu.

Wala undugu huu si wa kubuni. Kanga za zamani za pwani zilipigwa chapa kwa vibao vya mti, na katika miaka ya 1950, kabla ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa Ubungo mwaka 1968, nyingi zilizouzwa hapa zilitoka Japani.

Lakini Wajapani wengi hawakuzithamini picha zao, kwa kuwa zilikuwa rahisi. Wageni wakazinunua, leo jumba la makumbusho la Boston, Marekani, lina zaidi ya 50,000. Nasi je? Kanga ya sherehe za Uhuru za mwaka 1961 ikichakaa hubeba mtoto, kisha huwa ya jikoni, kisha tambara la kudekia. Huko London, British Museum imekwisha kuweka kanga zetu kabatini. Aliye na ya bibi yake sandukuni asiharakishe kuipasua.