Msimamizi Asiyesimama Juu: Mnasihi Mzoefu Anapojifunza Upya

Msimamizi wa mtihani na msimamizi wa harusi wana jina moja katika Kiswahili, ingawa kazi zao hazifanani: wa kwanza huzunguka kati ya madawati akichunga asije mtu akaiba jibu, ilhali wa pili hukaa ubavuni mwa bwana au bibi harusi, humfuta jasho, humkumbusha hatua inayofuata na hushuhudia yanayofanyika, lakini hadai hata mara moja kwamba ndoa ile ni yake. Taaluma ya unasihi, ambayo wengi huiita ushauri nasaha, imelichukua neno hilohilo la usimamizi, na swali la ni yupi kati ya hao wawili anayehitajika ndilo linaloamua namna wanasihi wazoefu wanavyopaswa kuandaliwa ili wawasimamie wenzao.

Usimamizi unaozungumziwa hapa si ukaguzi wa daftari la mahudhurio, bali ni mazungumzo ya faragha yenye ratiba, ambamo mnasihi huileta kazi yake mbele ya mwenzake aliyefunzwa kwa kusudi hilo, wakaitazama pamoja kwa faida ya mteja ambaye hayupo chumbani. Desturi hii ina umri wa karne moja na zaidi, kwa kuwa taasisi ya uchanganuzi wa nafsi iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920 iliifanya kazi ya mwanafunzi chini ya uangalizi kuwa sehemu rasmi ya mafunzo. Nchini Uingereza wajibu huo haukomi mtu anapohitimu: BACP, chama cha wanasihi na wataalamu wa tiba ya kisaikolojia cha nchi hiyo, humtaka mwanachama wake aliyeidhinishwa apate angalau saa moja na nusu ya usimamizi kila mwezi, hata akiwa mkongwe kiasi gani kazini.

Mkabala unaomlenga mtu, ambao ndio msingi wa aina ya usimamizi inayojadiliwa katika makala haya, uliasisiwa na mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers (1902–1987), aliyepinga mazoea ya mtaalamu kumchunguza mtu, kulipa tatizo lake jina na kumwelekeza la kufanya. Mwaka 1957 Rogers alitaja masharti sita yanayomwezesha mtu kubadilika, na matatu kati yake yamekuwa nguzo za mkabala huo. La kwanza ni ukweli wa nafsi, yaani mnasihi asivae uso wa kitaalamu unaoficha anachokihisi. La pili ni kumkubali mtu bila masharti, yaani thamani ya mteja isitegemee uzuri wa matendo yake. Na la tatu ni kumwelewa kutoka ndani ya ulimwengu wake, jambo lililo tofauti na huruma, kwa sababu mwenye huruma anaweza kusikitika huku amebaki upande wake. Yakihamishiwa kwenye usimamizi, masharti hayo yanadai kwamba msimamizi awe kwa mnasihi vile mnasihi anavyotakiwa awe kwa mteja.

Dai hilo ni jepesi kulitamka, lakini anayelemewa nalo zaidi mara nyingi ni yule mwenye uzoefu mwingi. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na hakuna anayebisha kwamba msimamizi anapaswa awe ameona mengi. Tatizo ni kwamba aliyeona mengi huwahi kudhani kuwa na hili linaloletwa leo amekwisha kuliona. Akisikia sentensi mbili tu za kisa, jibu limeshamjia, naye huanza kumtibu mteja asiyekuwepo kwa kupitia mdomo wa mnasihi, ambaye hurudi kazini kama mjumbe aliyebebeshwa maneno ya mtu mwingine. Wapo pia wanaoteleza kwa upande wa pili, wakamgeuza mnasihi kuwa mteja na kuchimbua maisha yake ya nyumbani hadi kazi iliyowakutanisha ikasahaulika. Makosa yote mawili yanatokana na ustadi halali uliotumika mahali pasipo pake, na ndiyo maana mafunzo ya usimamizi hayawezi kuwa cheo anachopewa mtu kwa kukaa sana kazini.

Katika mafunzo hayo kinasa sauti ni nyenzo ya zamani na bado ni ya lazima. Rogers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walianza mapema katika miaka ya 1940 kurekodi vikao vya unasihi kwenye sahani za santuri, na kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha neno kwa neno mwenendo mzima wa mteja mmoja. Rekodi hizo zilifichua kwamba wanafunzi walioamini kuwa hawamwelekezi mteja walikuwa wakimwelekeza bila kujua. Baadaye, katika miaka ya 1960, Norman Kagan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alibuni mbinu ya kuisikiliza au kuitazama rekodi huku mhusika mwenyewe akiisimamisha popote anapokumbuka alichokihisi na hakukisema, na anayemsaidia akabaki kuuliza tu bila kutoa hukumu.

Kwa kawaida wanaojifunza hukaa watatu watatu, mmoja akileta kazi yake halisi, wa pili akimsimamia na wa tatu akitazama. Tuseme mnasihi anaeleza kuwa mteja wake amekosa vikao viwili, na kwamba huenda yeye mnasihi ndiye amemkosea. Msimamizi wa mtihani ataagiza mteja apigiwe simu na tarehe iandikwe kwenye faili, lakini msimamizi anayemlenga mtu atalisikia kwanza lile neno “nimemkosea”, alirudishe kwa upole na angoje, kwa sababu ndani yake huenda kuna jambo la kikao cha mwisho ambalo mnasihi bado hajathubutu kulitazama. Simu inaweza kupigwa baadaye, tena na mtu anayejua kwa nini anapiga.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo upole huo hukutana na wajibu, na mafunzo yanayoparuka mahali hapo hayajakamilika. Brigid Proctor wa Uingereza aligawa kazi ya usimamizi katika mafungu matatu: kumjenga mnasihi katika ujuzi, kumrudishia nguvu zinazomwishia, na kulinda viwango na maadili. Fungu la tatu ndilo linalowatia tumbo joto wafuasi wa Rogers, kwa kuwa linaonekana kumrudisha msimamizi juu ya mwenzake. Jibu linalofundishwa ni kwamba kumkubali mtu bila masharti si kuidhinisha kila tendo lake, na kwamba ukweli wa nafsi unamlazimu msimamizi kusema waziwazi anapoona mteja yumo hatarini. Ndiyo maana uhusiano huanza kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja mipaka ya siri, kumbukumbu zitakazotunzwa na hatua zitakazofuatwa maadili yakivunjwa. Na ndiyo maana pia inashauriwa msimamizi asiwe bosi anayesaini likizo, kwani kwa bosi makosa hufichwa.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulitazama suala hili. Vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa VVU kwa hiari vilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikiwemo vile vya Angaza nchini Tanzania, wanasihi wengi walijikuta wakitoa majibu mazito siku baada ya siku, na mzigo huo hauonekani kwenye orodha ya vitendanishi wala kwenye rejista. Kenya ilipitisha mwaka 2014 sheria inayowahusu wanasihi na wanasaikolojia, hatua inayoipa taaluma uzito wa kisheria. Lakini sheria haiwezi kufundisha namna ya kusikiliza.

Tena katika jamii ambamo mdogo humwamkia mkubwa kabla ya neno lolote, mnasihi kijana huingia kwa msimamizi wake akiwa tayari kupokea, na swali lake la kwanza huwa, “Wewe ndiye mkubwa, tufanyeje?” Heshima hiyo si adui, na msimamizi anayeikataa kwa ukali ili aonekane wa kisasa atakuwa amemvunjia mwenzake adabu; anachofunzwa ni kuipokea salamu bila kulitwaa jibu, akauliza mnasihi mwenyewe ameonaje, akaamini kwamba aliyekaa na mteja yule saa nzima anajua kitu asichokijua mkubwa wake. Mafunzo yamefika yanapotakiwa siku ambayo kijana huyo, baada ya shikamoo kamili, anasema kwamba kwa mteja huyu hakubaliani na msimamizi wake, na msimamizi, badala ya kujitetea, anamwomba aendelee.