Meli ya Mizigo Iliyogeuzwa Sikio

Ndugu msomaji, ukisimama ufukoni ukaiona meli ya mizigo ikipita polepole mbele ya upeo wa macho, huna sababu ya kuishuku. Utadhani imebeba saruji, au ngano, au katani. Dhana hiyo ndiyo iliyotegemewa na wakubwa wa Jeshi la Maji la Marekani walipoichukua meli kuukuu ya mizigo na kuipa kazi ambayo haikuundiwa.

Meli hiyo iliundwa Portland, katika jimbo la Oregon, mwaka 1945, ikaitwa Simmons Victory. Ilikuwa mojawapo ya meli zaidi ya 500 za namna moja, zilizoundwa harakaharaka ili kubeba shehena za vita. Ilipozuka vita ya Korea, ilivuka Bahari ya Pasifiki mara nyingi ikipeleka zana. Mwaka 1958 ilifungwa kamba, ikaachwa bila kazi pamoja na wazee wenzake.

Ilifufuliwa mwaka 1963. Tarehe 8 Juni mwaka huo ilipewa jina jipya: Liberty, yaani Uhuru. Mwaka uliofuata iliandikishwa kuwa meli ya utafiti wa kiufundi, na walimwengu wakaambiwa kwamba itachunguza tabia ya mawimbi ya redio. Kweli ilishughulika na mawimbi ya redio, lakini ya watu wengine. Mle mlimokuwa na magunia na masanduku sasa walikaa vijana wenye vipaza sauti masikioni, wakinasa mazungumzo ya serikali na majeshi ya nchi za kigeni. Juu ya sitaha ilisimamishwa milingoti ya antena, pamoja na sahani kubwa iliyoelekezwa mwezini. Ujumbe ulirushwa hadi mwezini, ukagonga huko na kurudi duniani, ukapokelewa Marekani!

Na safari yake ya kwanza ya kazi hiyo, mwezi Juni 1965, ilielekea wapi? Pwani ya Afrika Magharibi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: bendera za mataifa yetu zilikuwa bado mpya mlingotini, na meli iitwayo Uhuru inapita karibu ikitega sikio.

Ilikuwa Abidjan mwezi Mei 1967 ilipoamriwa kwenda haraka Bahari ya Kati. Tarehe 5 Juni vita vilianza kati ya Israel na nchi za Kiarabu. Wakubwa walituma amri kwamba meli isogee mbali na pwani, lakini ujumbe ulipotea njia katika mitambo yao wenyewe. Meli yenye kazi ya kusikia kila mtu haikusikia ilipoitwa na wenyewe.

Tarehe 8 Juni, miaka minne kamili tangu ipewe jina lile, ilikuwa kaskazini ya Al-Arish, Misri, katika bahari isiyo ya nchi yoyote. Asubuhi ndege za Israel zilipita juu yake. Alasiri zikarudi kwa mizinga na moto wa napamu. Meli ilikuwa na bunduki nne tu za rashasha. Bendera yake ilipoangushwa, mabaharia walipandisha nyingine kubwa zaidi. Kisha zikaja boti za kivita, na topido moja likapasua ubavu wa kulia, palepale walipokaa wale vijana wa kusikiliza. Hapo peke yake walikufa 25.

Kwa jumla walikufa watu 34, na 171 walijeruhiwa. Daktari alikuwa mmoja. Ndege za Marekani zilirushwa kwenda kuwasaidia, zikaamriwa kurudi. Nahodha William McGonagle, huku mguu wake ukivuja damu, hakuondoka mahali pake kwa muda wa saa 17, na usiku aliongoza meli kwa kutazama nyota. Manowari za msaada ziliwafikia asubuhi ya pili. Meli ikajikokota mpaka Malta, na huko ndiko mabaharia walikoingia katika chumba kilichojaa maji kuwatoa wenzao.

Israel iliomba radhi, ikasema iliidhania kuwa meli ya Misri. Baraza la uchunguzi la Marekani lilimaliza kazi kwa siku chache, na serikali ikalipokea jibu hilo. Hata hivyo Dean Rusk, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani wakati ule, aliandika baadaye kwamba hakuliamini kamwe. Mimi naona ni ajabu nahodha yule alipotunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa, mwaka 1968, hakuvishwa Ikulu na Rais kama ilivyo desturi, bali katika kituo cha Jeshi la Maji, na Waziri wa jeshi hilo. Mabaharia wengi wamesema kwamba waliamriwa wasimweleze mtu yeyote yaliyowapata.

Familia za marehemu zililipwa fidia mwaka 1968, na majeruhi mwaka 1969. Fidia ya meli yenyewe, dola milioni 6, ilikubaliwa mwaka 1980. Wakati huo meli haikuwapo tena: iliuzwa mwaka 1970 kama chuma chakavu, ikakatwakatwa huko Baltimore.