Kuchagua Spika ya Sanduku la Nyumbani

Ndugu msikilizaji wa Bariadi, ukitaka kujiundia sanduku la spika, usichague spika ya besi na sauti za kati kwa upana wake tu. Tazama kwanza desibeli zake, yaani ukubwa wa sauti isikikayo umbali wa mita 1 kwa nguvu ya wati 1. Spika ya desibeli 90 hutaka nusu tu ya nguvu itakiwayo na ile ya 87 kwa sauti ile ile. Kwake ategemeaye umeme wa jua na betri, hilo si jambo dogo. Lakini ili besi yake ishuke, hudai sanduku kubwa zaidi. Nami naona afadhali gharama ya mbao kuliko betri kuisha katikati ya habari. Ndani tia pamba isiyoshindiliwa, ipunguze mwangwi; nayo Simiyu haikosi pamba.