Lubumbashi: Mshahara wa chini ni mmoja kwa nchi nzima, lakini bei ya unga si moja

Mwisho wa mwezi, sokoni katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mama wa nyumba anauliza kwanza: mfuko wa unga wa kilo 25 leo ni bei gani? Akishapata jibu, ndipo anajua kama mshahara ulioingia nyumbani ni mkubwa ao ni mdogo.

Sheria haiulizi swali hilo. Mshahara wa chini, ule unaoitwa SMIG, ni mmoja kwa Kongo nzima, kuanzia Lubumbashi na Kolwezi mpaka Goma, Bukavu na Kinshasa. Mwezi wa tano 2018 serikali iliuweka kwenye franka 7.075 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni franka 183.950 kwa mwezi. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 1.600, kwa hiyo mfanyakazi alipata kama dola 115. Mwaka 2024 dola ilifika karibu franka 2.800. Franka zilikuwa zilezile 183.950, lakini sasa zilikuwa kama dola 66 tu. Hakuna aliyekatwa mshahara, ila karibu nusu yake ilikwisha potea.

Mwaka 2025 serikali ilipandisha SMIG mpaka franka 14.500 kwa siku, na kupanga ifike 21.500 kuanzia mwezi wa kwanza 2026. Kwa siku 26, ni franka 377.000, kisha 559.000. Ni nafuu kwa mwenye mkataba. Lakini muuza makala, dereva wa pikipiki na kijana anayebeba mizigo sokoni hawana mkataba, na SMIG haiwafikie.

Kwa nini Lubumbashi inahesabu maisha kwa unga? Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Shaba ilitoka kwa njia hiyo, na chakula cha wafanyakazi kikaingia kwa njia hiyo. Hata leo sehemu kubwa ya mahindi na unga inatoka Zambia na kupitia mpaka wa Kasumbalesa, karibu kilometa 90 kutoka hapa. Mwezi wa pili 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwezi wa nane mwaka uleule ilifunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya mgogoro wa biashara na Kongo. Mambo kama hayo yanaamuliwa mbali, lakini bukari ya Katuba na Ruashi ndiyo inapunguka kwenye sahani.

Kila mji una mzigo wake. Kinshasa inategemea muhogo wa Kongo Central na wa majimbo ya Bandundu ya zamani, pamoja na vitu vinavyoshushwa Matadi. Goma inakula maharagwe na viazi vya Masisi na Rutshuru. Vita ikifunga barabara, chakula kinapanda bei hata kama mashamba yako karibu. Mwaka 2025, kisha mji kuanguka mikononi mwa M23, benki za Goma zilifunga, na hata mwenye mshahara kwenye akaunti alishindwa kuutoa.

Kolwezi ni kesi nyingine. Kampuni za madini zinalipa kwa dola, na kodi ya nyumba inafuata dola hizo. Mwalimu anayelipwa na serikali kwa franka anatafuta nyumba kwenye barabara moja na fundi wa mgodi. Mwenye nyumba hawezi kuwapangia bei mbili.

Zamani hesabu ilikuwa tofauti. Union Minière ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya chakula na matibabu. Hatusemi ilikuwa paradiso: mwezi wa kumi na mbili 1941, bei zilipopanda wakati wa vita ya dunia, wafanyakazi waligoma kudai mshahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi hapa mjini, na makumi ya watu walikufa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Gécamines nayo iliendelea kugawa unga kila mwezi. Unga ukipanda bei, kampuni ndiyo ilibeba hasara. Gécamines ilipoanguka, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa mpango wa 2003 na 2004, na desturi ya mfuko wa kila mwezi ikaisha nyumbani kwao. Leo wengi wanapewa pesa tu, na bei ikipanda, hasara inabaki nyumbani kwa mfanyakazi.

Ndiyo maana anayeitwa kazini kwenye mji mwingine asiangalie namba ya mshahara peke yake. Tuchukue mfano: hapa unapata dola 400 na unalipa nyumba dola 100. Kolwezi wanakuahidi 500, lakini nyumba ni 220. Kabla ya kununua hata kilo moja ya unga, umekwisha poteza dola 20.

Uliza kwanza mambo matatu. Mwenye nyumba anadai garanti ya miezi mingapi? Mshahara unalipwa kwa dola ao kwa franka, na kwa kiwango gani? Mwajiri anatoa nini juu ya mshahara? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamdai mwajiri nyumba ao pesa ya nyumba, pia matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake. Hayo yaandikwe kwenye mkataba.

Na bei ya unga, usiulize ya mwezi wa tano, mavuno yakiwa mapya. Uliza ya mwezi wa kwanza, wakati ghala ziko tupu. Kama mshahara unaweza kuvuka mwezi huo, basi unaweza kufunga mizigo.